Tulivyofuta Sauti za Maalim Badi

Nyinyi vijana mnaotengeneza masomo ya Kurani ya kwenye simu, nasikia mnalalamika kwamba simu zinajaa upesi. Poleni. Mimi niliwahi kujaza kompyuta nzima kwa kikohozi cha mtu mmoja, na kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi, imekalia meza mbili na bado kona moja inaning'inia hewani. Kwa hiyo nikisema naijua kazi yenu, msicheke mpaka nimalize.

Jina langu ni Rajab Owuor, lakini pale Kaloleni, mjini Kisumu, aliyeniita hivyo ni mama yangu peke yake. Wengine wote walisema Fundi. Miaka ya themanini nilikuwa natengeneza redio kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa madrasa. Kaseti ikiliwa na redio, nilitoa utepe wake, nikaunyoosha kwa penseli na kuuunga kwa gundi, na mwenyewe asijue kama palitokea ajali, ila mwimbaji angeruka ubeti mmoja. Miaka ya tisini ilipoingia kaseti zikaanza kuzeeka, nami naona zinanivuta niende nazo. Nikajiandikisha masomo ya usiku ya kompyuta, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wanafunzi tulikuwa wengi kuliko omena, wale dagaa wa ziwani, na mashine zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Zamu yangu ya kugusa ilifika mwalimu akiwa tayari ameshika kufuli. Ndiyo maana nilijifunza kuandika programu kwa kalamu ya wino. Mtu aliyeandika programu kwa wino hakosei hovyo, maana kufuta ni kazi.

Kuhusu kufuta nitawaambia mengi. Kwanza niwajulishe kwa Maalim.

Maalim Badi alikuja kutoka pwani akiwa kijana, akaoa hapa, akazeekea hapa. Kiswahili chake kilikuwa na chumvi, chetu kilikuwa na miiba ya samaki, lakini tulielewana. Siku ambayo bwana mmoja wa Milimani alileta madrasani kompyuta ya zamani ya ofisi yake, baada ya kupewa mpya, Maalim aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii inaweza kusomesha?" aliniuliza.

"Inaweza, Maalim. Itaonyesha herufi, na sauti itatoka."

"Sauti ya nani?"

"Yako."

Akavuta kiti, akakaa. "Basi na tuone kama itanijua."

Kazi ikaanza hivyo, na tungeifanya kwa mwendo wa kinyonga kama si Mama Salma. Huyu alikuwa akikaanga samaki kule Dunga, ufukoni. Alizaliwa Atieno, katika nyumba ya kanisa, akasilimu alipoolewa na dereva wa lori. Dereva alikuja kufariki, Mungu amrehemu, na yeye akabaki na dini yake na karai lake la mafuta. Sura fupi alizijua nyingi kwa kusikia. Alikuwa akizisoma huku anageuza ngege motoni, bila kukosea. Lakini ukimwekea maandishi mbele, yalikuwa kwake kama nyayo za kuku mchangani.

Sasa, kila Ramadhani kina mama walikaa duara baada ya alasiri, msahafu unapita mkono kwa mkono, kila mmoja anasoma ukurasa wake. Ukimfikia Mama Salma, alijipapasa kifuani na kusema amesahau miwani Dunga. Miaka yote miwani ilikuwa Dunga. Hakuwahi kuwa na miwani hata siku moja. Basi binti yake, Salma, aliyekuwa karani katika ofisi moja, akamhurumia mama yake akamnunulia.

Mama Salma akanijia kibandani ameivaa.

"Fundi, unaona hii kitu?"

"Naona, Mama. Miwani nzuri."

"Nzuri gani? Imenimaliza. Ramadhani ikifika nitasema nini? Nimesahau macho?"

Nilimuuliza kwa nini asikae na watoto madrasani, aanze mwanzo.

"Nilikaa na hao. Kuna kamoja kalinishika kidole, kakaniambia, Mama si hapo, ni hapa. Kametoka juzi kwa mgongo ya mama yake. Mimi mtoto yangu anafanya kazi ofisi, Fundi. Na nikimaliza samaki, Maalim ashafunga. Nasikia hiyo mashine yenu haichoki na haichekangi mtu."

"Haicheki."

"Basi fanya haraka. Mwaka huu zamu yangu ikifika nataka nisome. Si kwa kichwa. Nisome kwa macho."

Nikamwahidi. Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya usiku na nilijiona naweza kuifundisha kompyuta kuogelea.

Jambo la kwanza lililonishusha ni kwamba ile mashine haikujua Kiarabu hata kidogo. Nyinyi mnabonyeza tu na herufi zinashikana mikono zenyewe. Mimi nilichukua karatasi ya hesabu, ile ya visanduku, Maalim akaandika kwa mkono wake juu yake, nami nikahesabu kisanduku kipi cheusi na kipi cheupe, nikaiambia kompyuta kimoja kimoja. Mstari mmoja ulinichukua muda ambao mtu angejenga nyumba na kuhamia. Lakini mpaka leo nawaambia, kama mnataka kujua umbo la herufi, ichoreni kisanduku kwa kisanduku. Huwezi kuisahau hata ukitaka.

Halafu nikatengeneza kidole. Ni alama ndogo iliyotembea chini ya maandishi kumwonyesha mwanafunzi sauti imefika wapi. Siku ya kuonyesha, sauti ya Maalim ikaanza vizuri, na kidole changu kikatoka kushoto kwenda kulia, kinasonga mbele kwa fahari kabisa. Maalim akakitazama mpaka kikafika mwisho.

"Fundi," akasema, "kidole hiki kimesoma shule ya misheni."

Nilikigeuza siku hiyohiyo. Vidudu vya ziwa havikugeuka kirahisi hivyo. Mnavijua, vinavyotoka majini kama moshi na kufuata taa. Jioni vilikuwa vinatua kwenye kioo cha kompyuta, na mwajua herufi za Kiarabu zinatofautishwa na nukta. Mdudu akikaa juu ya ha, imekuwa kha. Wawili wakikaa juu ya herufi isiyo na kitu, mwanafunzi anasoma neno ambalo Waarabu hawajawahi kulisikia. Nilifunika kioo kwa chandarua, na kanuni ya kwanza ya darasa ikawa: kabla ya kusoma, puliza.

Kurekodi tulifanyia kwenye stoo ya mikeka. Nilitundika mablanketi ukutani na mlangoni, kipaza sauti nikakivika soksi safi, na Maalim nikamkataza chai ya maziwa, maana maziwa hukaa kooni. Anywe maji vuguvugu. Na msomaji akikosea, usimkatize kwa mdomo. Inua mkono, anyamaze, avute pumzi, arudie. Haya ninayowaambia ni ya bure, ingawa niliyapata kwa jasho. Ndani ya yale mablanketi palikuwa na joto la kuivisha mkate.

Bado kelele ziliingia. Kengele za baiskeli za boda boda. Mvua juu ya mabati. Jogoo mmoja aliyenunuliwa soko la Otonglo kwa ajili ya Idi, naye nadhani alijua, kwa sababu aliamua kuwika awike yote kabla ya siku kufika. Na Maalim mwenyewe alikuwa na kikohozi kikavu kilichokuja katikati ya aya, hakiji mwanzo wala mwisho. Mashine ile haikukubali jina la faili lizidi herufi nane, na neno kikohozi lina herufi nane kamili. Nikaona ni dalili njema. Basi nikawa na faili iitwayo Kikohozi, nyingine Jogoo, nyingine Mvua, na vizazi vyao vyote.

Mtaniuliza, kwa nini usifute zilizoharibika? Hapo ndipo penyewe.

Siku za mwanzo kabisa, Maalim akiwa amekaa kando yangu, nilibonyeza kitufe na sura iliyokuwa kwenye kioo ikapotea. Akashtuka kama mtu aliyeona kikombe kinaanguka.

"Umeipeleka wapi?"

"Nimeifuta, Maalim. Nilichora vibaya."

Akanieleza. Chuoni kwao, yaani madrasani, walipokuwa watoto hawakuwa na madaftari. Waliandika aya kwenye ubao wa mti, kwa wino wa masizi. Mtoto akishahifadhi, ubao ulioshwa, lakini si kwa kiwiko wala kwa kitambaa cha kufutia vumbi. Ulioshwa kwa maji safi, na yale maji yakamwagwa kwenye shina la mlimau, mahali ambapo hakuna mguu unaokanyaga.

"Sasa wewe umefuta," akasema. "Maji yake yako wapi?"

Nikamwambia ni umeme tu, kama taa inapozimwa.

"Taa sikuiandika mimi. Hii nimeiandika, na ni maneno ya Mungu."

Kurasa kupishana kwenye kioo alikubali, kwa kuwa ni kama kufunga msahafu. Kilichofungwa bado kipo. Lakini kuondoa kabisa, akasema, kisiondolewe kitu chochote chenye aya ndani yake mpaka afikiri. Nami sikubishana, kwa sababu kusema kweli hata mimi nilitaka kujua maji yake yako wapi. Shida ni kwamba Maalim Badi hakuwa mtu wa kufikiri haraka. Aliwahi kufikiria rangi ya mlango wa madrasa mpaka mchwa wakaumaliza mlango.

Kwa hiyo kila kikohozi kilihifadhiwa, maana kilikuwa na nusu ya aya mbele yake. Kila jogoo alihifadhiwa. Na mwezi wa Shaabani ukiwa umeshaandama, zimebaki wiki chache tu tuingie Ramadhani, mashine ikaniandikia kwamba nafasi imekwisha. Somo lililobaki lilikuwa kubwa kuliko yote: namna herufi zinavyobadilika zikiunganishwa katikati ya neno. Bila hilo, Mama Salma angejua herufi moja moja kama watu wa mtaani kwake, lakini wakikumbatiana asimtambue mtu. Nilijaribu disketi. Disketi moja ilibeba pumzi moja ya Maalim na kidogo ya pili.

Nilimweleza Maalim mbele ya Mama Salma, aliyekuwa amekuja kuuliza somo limefika wapi.

"Bado nafikiri," akasema Maalim.

"Maalim, mimi sisukumi mtu," akasema Mama Salma. "Lakini fikiria kama mtu ako na samaki kwa moto."

Maalim akacheka mpaka kile kikohozi kikamjia, akaondoka.

Kesho yake alikuja na ubao. Ubao wenyewe hasa, mweusi kwa umri, aliokuwa nao tangu kwao. Alikuwa ameandika sura fupi juu yake kwa wino. Akatuita uani, akausoma wote kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, taratibu, ndipo akamimina maji na kuyaelekeza kwenye shina la mti wa mlimau.

"Kuna jambo nilikuwa nimelisahau," akasema. "Kabla ya kuosha, mwalimu wetu alimtaka mtoto ausome ubao wote mara ya mwisho mbele yake. Ukikwama, huoshi. Hatukuosha kitu kilichokatika. Mimi nimeshika habari ya maji miezi yote hii, na maji ni ya mbao. Mashine haina mbao. Lakini kusoma inaweza."

Akatoa hukumu yake, akisema ni kwa madrasa yake tu na wenye elimu zaidi wamsahihishe. Kila faili tunayotaka kuifuta isikilizwe yote, na mtu mwenye udhu afuate kwa maandishi. Palipokatika na kikohozi au jogoo, huyo mtu aisome aya mwenyewe mpaka imalizike. Kisha afute.

Nikahesabu kichwani vikohozi vyote vilivyomo mle ndani, nikaona peke yangu sitaviweza. Nilikuwa na redio za nusu ya Kaloleni mezani, zinasubiri.

"Nipe mimi hiyo kazi," akasema Mama Salma. "Udhu niko nayo, miwani niko nayo."

"Lakini Mama, hujui kusoma bado."

"Si ninajua kwa kichwa? Akikatika, namaliza. Wewe tengeneza nafasi upate kuweka somo yangu."

Akaja kila alasiri, akitoka Dunga, amesugua mikono kwa ndimu ili harufu ya samaki isiingie kwenye vitufe. Nilimwonyesha namna ya kuanzisha faili na namna ya kufuta, nikarudi kwenye redio zangu, nilizozihamishia mlangoni karibu naye.

Faili ya kwanza ilimshinda. Sauti ya Maalim ilianza katikati ya sura, pale alipokuwa akirudia baada ya kosa, ikaenda maneno machache, ikakatwa na kikohozi. Mama Salma akafungua mdomo amalizie, hakuna kilichotoka. Mtu aliyeshika kwa kusikia ni kama anayeujua wimbo. Mpe mwanzo atafika mwisho, mdondoshe katikati hajui yuko mtaa gani.

"Fundi, amekatikia wapi?"

"Tazama kidole kimesimama wapi."

Akatazama. Kidole kilikuwa kimesimama chini ya neno, kinamngoja. Nikamwambia neno lile ni herufi zipi. Akalisoma kama mtu anayebeba gunia, akapata linalofuata, kisha sura ikamjia kichwani akamaliza mbio. Akafuta. Akafungua nyingine. Nayo imekatikia kwingine.

Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Ile ya mvua ilikuwa mbaya kuliko zote, sauti imezama yote, ikabidi afuate kwa macho toka juu hadi chini. Wakati mwingine Maalim kwenye faili alikuwa amejikasirikia, akarudia neno moja mara nyingi, polepole, kama anayegonga msumari. Mama Salma alizipenda hizo. Alikuwa anamjibu kabisa: "Sawa Maalim, nimesikia, usikasirike."

Alasiri moja nilikuwa nimeshika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, nasikiliza bila kusikiliza. Jogoo akawika, sauti ikakatika. Nikangoja aniite. Hakuniita. Alisoma neno lililokatika, akasoma linalofuata, akafika mwisho wa ukurasa, akabonyeza kufuta, akafungua nyingine. Nilizinduliwa na moshi. Nilikuwa nimetoboa redio ya watu.

Sikumwambia kitu. Ukimwambia mtu anatembea juu ya kamba, anatazama chini.

Nafasi ikapatikana, nikarekodi somo la mwisho. Lilitoka safi, halina jogoo wala mvua, sauti ya Maalim imenyooka kama barabara mpya. Nilimwita Mama Salma kwa majivuno aje kulifungua. Akalisikiliza lote, mikono magotini.

"Ni tamu," akasema. "Lakini hii inaenda yenyewe. Ile ingine ilikuwa inaningoja."

Nikakaa chini nikayarekebisha masomo yote, ya nyuma na ya mbele. Tangu hapo hakuna somo nililolitengeneza ambalo halikusimama katikati ya mstari, likanyamaza, kidole kikangoja. Watu wa kamati ya madrasa walidhani mashine ni mbovu. Walinishauri nitafute fundi. Nyinyi mnaotengeneza masomo yanayoteremka kama maji ya bomba, yenye rangi na sauti nzuri, jaribuni kuyakata mahali. Kisha mnyamaze, mwone mwanafunzi atafanya nini.

Ramadhani ikaandama. Siku ambayo zamu ya Mama Salma ingefika niliona ni lazima kipaza sauti cha barazani kitengenezwe, ingawa hakikuwa na ubaya wowote. Nikapanda ngazi nje ya chumba cha kina mama, nyuma ya pazia, na bisibisi yangu. Chini yangu Maalim Badi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Naye sijui alikuwa anatengeneza nini.

Tulisikia msahafu unapokewa. Ukurasa uliomwangukia haukuwa mmoja wa kurasa tulizoweka kwenye mashine, tena si katika zile sura fupi alizozijua kwa kusikia. Maalim akainua macho akanitazama. Nikageuza skrubu isiyohitaji kugeuzwa.

Mama Salma akaanza. Alisoma polepole, kama mtu anayemtolea mgeni miiba ya samaki, mmoja mmoja, asibakishe. Mstari ukapita. Wa pili ukapita. Katika wa tatu akasimama. Kimya kikawa kirefu, na tukamsikia Bi Zena, jirani yake kwenye duara, akianza kumnong'oneza neno, kama ilivyo desturi ya kumsaidia aliyekwama.

"Niache kidogo, Bi Zena," akasema Mama Salma. "Naiona."

Bi Zena akanyamaza. Jikoni uji wa futari ukachemka, ukafura, ukaanza kumwagikia makaa, tukasikia unavyochoma. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeinuka kuuepua, mpaka lile neno likatoka, na yaliyofuata, hadi chini ya ukurasa.